Kabla Sukari Haijaingia

Wiki tuliyomzika mama, mjukuu wangu Syombua aliniletea chungwa. Nyumba ilikuwa imejaa watu, sufuria zinagongana, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa jikoni, viatu nimevua, nimechoka kusalimiwa. Nilimwona akichagua. Alibonyeza hili, akanusa lile, akamenya moja akaonja kipande, akakunja uso, ndipo akaja nalo. "Shosho, kula hili. Ni kali, kwa hivyo halina sukari." Nina ugonjwa wa sukari, jamaa wote wanajua, na kila mmoja amejipa kazi ya kunichunga. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nimefundisha bayolojia mpaka nikastaafu na sihitaji kufundishwa machungwa na mtoto aliyezaliwa juzi, kwamba chungwa kali lina sukari pia, na kama hajui kitu anyamaze. Mtoto wa watu akabaki amesimama na lile chungwa mkononi, nusu limemenywa, hajui alirudishe au aliweke wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa amesimama vile vile alivyosimama mama yangu mwaka ule. Nililichukua chungwa, nikamshika mkono, nikamwambia asinijali, ni uchovu tu.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha tano, mwishoni mwa miaka ya sabini, na tulikaa Nairobi, mtaa wa Jericho, katika nyumba ya kanju, yaani ya baraza la jiji. Vyumba vilikuwa viwili na jiko dogo. Chumba cha ndani kilikuwa cha baba na mama, na kile cha nje kilikuwa sebule mchana na chumba changu usiku. Katikati palikuwa na pazia la maua ya zambarau, mlango wenyewe ulikuwa umeng'oka bawaba zamani na kanju hawakuja kuurekebisha hata mara moja. Pazia halizuii maneno. Yote niliyoyajua kuhusu wazazi wangu niliyajua kupitia pazia lile, nikijifanya nasoma. Chini ya kitanda chao palikaa gunia la machungwa, siku zote, na kwa sababu kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, upande wa pili wa ukuta ule kukiwa na jiko la makaa, pale chini palikuwa na joto. Nyumba nzima ilinuka maganda. Hata sare yangu ya shule ilinuka, na wasichana wenzangu walinitania kwamba nimepakwa sharubati.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alishuka Ukambani, akapakia machungwa ya tajiri wake, akayaleta sokoni, na alikuwa na desturi ya madereva wote wa kazi ile: magunia yakishapangwa, lile la juu kabisa lilikuwa la dereva, hakuna wa kumuuliza. Aliyajua machungwa kuliko watu wengi wanavyojua watoto wao. Alijua kwamba chungwa la nyumbani kwetu linaweza kuwa kijani kibichi nje na tamu ndani, kwa sababu kule hakuna baridi ya kulibadilisha rangi, na aliwacheka watu wa Nairobi waliochagua kwa macho. Tena alijua lile ambalo soko zima lilijua. Machungwa yakifika makali, akina mama wa sokoni hawakuyauza siku ile. Waliyalaza. Waliyafunika magunia wakayaacha nyuma ya kibanda, na baada ya siku kadhaa wakayafunua, wakaonja, wakasema sukari imeingia. Kila mtu aliona jambo lile kwa ulimi wake mwenyewe. Ndizi nazo huvundikwa mbichi zikatoka tamu, kwa nini chungwa lisifanye hivyo? Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza sukari hiyo inaingia kutoka wapi.

Kilichotuingilia sisi kilianza na sisimizi. Walijipanga kuelekea chooni, mama akamwaga maji ya majivu, wakarudi. Baba alikuwa anakunywa maji birika zima na bado anasema koo limekauka, na suruali zake zikawa zinashikwa na mshipi tu. Kule kliniki walimwambia ni ugonjwa wa sukari, wakampa sindano ya kujidunga kila siku na chupa ndogo ya dawa isiyotakiwa kupata joto. Friji tulikuwa tunaiona dukani tu. Jirani yetu Mama Anyango, ambaye mumewe alifanya kazi reli, alimletea mama mtungi wa udongo wa kwao, akamwonyesha namna ya kuisimamisha chupa ndani ya maji ili dawa ikae baridi. Mama alichemsha sindano ya kioo kila asubuhi kabla ya chai. Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha nikaanza kusikia, nyuma ya pazia, sauti ya baba ikiwa chini. Alikuwa anaogopa. Tajiri akijua ana dereva wa sindano atasema macho yake si ya kuaminiwa, na ufunguo atapewa taniboi, yule msaidizi wake wa lori. Hangeweza kujidunga njiani bila taniboi kumwona. Mama akauliza, basi itakuwaje? Baba akasema ana njia nyingine. Machungwa nayajua mimi, akasema. Sukari huingia chungwa likishalala. Nikilila kabla halijalala, ni maji na ukali tu, na ule ukali utaikata hii iliyo ndani yangu.

Ndivyo mtungi ulivyoanza kukaa mtupu. Sitaki mtu adhani baba yangu alikuwa mjinga, wala sipendi mtu anayemcheka. Alipanga hoja yake kwa mambo aliyoyaona maisha yake yote, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo. Alikula machungwa makali asubuhi na jioni, na yakikaa chini ya kitanda yakaanza kupoa ukali, alituambia yameharibika, yameingia sukari, tuyale sisi. Yeye alitaka mengine. Basi mama akawa anakwenda kulipokea lori sokoni. Wanawake wote pale walikuwa wanang'ang'ania matamu, yeye anatafuta makali, na walimcheka sana. Walimwuliza, wakimwita kwa jina langu, Mama Mueni, unatafuta machungwa au unatafuta ndimu? Naye aliwacheka pia, akaendelea kuonja. Alionja mpaka meno yakafa ganzi, na jioni alipotupakulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, alishindwa kutafuna, akakaa na sahani yake mapajani akitutazama tukila. Nilimuuliza kwa nini asichague kwa kunusa tu. Alisema kunusa hakutoshi, anaweza kukosea, na hilo hataki kulikosea. Alikuwa na furaha siku zile. Naona vibaya kulisema, lakini alikuwa nayo, kwa sababu mume wake alikuwa mgonjwa na yeye alikuwa na kitu cha kufanya.

Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya iodini. Muhula wa pili alitwambia kila mtu alete tunda. Nilichukua moja la baba, kali lililotoka sokoni siku ile, na jingine lililokwisha kulala chini ya kitanda, kwa sababu nilitaka kuiona hiyo sukari ikiwa haipo na ikiwa ipo. Nilitaka kumpelekea baba habari njema. Tulianza na iodini. Ndizi mbichi iligeuka nyeusi kwa wanga, machungwa yangu hayakugeuka. Mwalimu akasema mnaona, ndizi huweka chakula chake kama wanga, na ikivundikwa wanga ule ndio unaogeuka sukari. Chungwa halina ghala la wanga. Sukari yake huletwa na majani ya mti ikiwa tayari ni sukari, ikawekwa katika vile vifuko vidogo vya maji pamoja na asidi, zote mbili mahali pamoja. Siku linapokatwa tawini, mlango umefungwa, haiingii tena hata chembe. Kisha tukaja kwenye dawa ya buluu. Ukiitia kwenye maji ya kitu chenye sukari ukachemsha, buluu inakuwa kijani, kijani inakuwa manjano, mwishowe rangi ya tofali. Maji ya chungwa kali yalitoa povu kwanza, mwalimu akasema hiyo ni asidi inapigana na dawa, ongeza kidogo. Niliongeza. Nilitazama ule mrija ukibadilika na nikatamani usimame kwenye kijani. Haukusimama.

Nilimfuata mwalimu baada ya kipindi, nikamwuliza kwa nini basi yakilala yanakuwa matamu. Alifurahi kuulizwa, maskini, hakujua naulizia nini. Alinieleza kwamba tunda lililokatwa bado linapumua, na kwa kupumua linachoma asidi yake kidogo kidogo, hasa likiwa mahali pa joto. Asidi ikipungua, ulimi unaionja sukari iliyokuwamo tangu mwanzo. Akaongeza kwamba sehemu ya sukari hiyo imeungana mbili mbili, na ile asidi yenyewe, katika kukaa, huikata ikawa sukari nyepesi, ile ile inayotembea katika damu ya mtu. Kwa hivyo ukali hauiondoi sukari, nikasema. Akasema hapana, unaifunika tu. Nilimwambia kuhusu baba. Alivua miwani akaipangusa kwa lile koti, kisha akanijazia dawa ya buluu kwenye chupa ndogo na kunipa mirija mitatu, akasema nimwonyeshe kwa macho, maana kwa maneno hataamini.

Nilingoja Jumapili, tukitoka kanisani, tumekwisha kula. Niliweka sufuria ya maji kwenye jiko, nikakamua chungwa ambalo mama alikuwa amelichagua jana yake, nikakamua na moja lililolala. Baba alivuta kigoda akaja kukaa karibu. Alipenda kuniona nikifanya mambo ya shule, alikuwa akiwaambia watu binti yake atakuwa daktari. Mama alisimama mlangoni akimenya chungwa jingine la baba. Nilieleza kila kitu kama nilivyoelezwa, na mirija ikachemka. Ule wa chungwa lililolala ukawa rangi ya tofali, baba akatikisa kichwa, akasema ndiyo, hilo lina sukari. Kisha ule wa chungwa kali ukaufuata. Baba aliinama akatazama kwa muda. Alisema labda nimechanganya. Nilimwambia sikuchanganya. Alisema rangi ikishafika hapo haisemi ni kiasi gani, na hapo alikuwa na haki, nikamwambia hilo kali huenda lina pungufu kidogo, lakini linayo, baba, linayo. Akaona mrija wa tatu ukiwa mtupu.

"Na wangu je?" akauliza.

Aliingia chooni akarudi na glasi ya chai ikiwa na mkojo wake, akanikabidhi bila aibu, kama anavyomkabidhi mtu ufunguo. Niliuchemsha mbele yake. Haukuhitaji hata kungoja. Nikaipanga mirija yote mitatu dirishani kwa sababu sikujua niiweke wapi, na jua la alasiri likapita ndani yake, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema upi ni upi. Baba alicheka kidogo. Alisema, kwa hivyo huu ulimi umekuwa ukinidanganya miaka yote hii. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na majibu yote, na hakukuwa na wa kunibishia. Ndipo nikamtazama mama. Alikuwa bado mlangoni, chungwa mkononi nusu limemenywa, ganda linaning'inia.

"Haya, mwanangu. Nimeona," akasema. "Sasa nimpe nini?"

Nilimwambia sindano. Nilimwambia baba arudi kliniki, mtungi ujazwe tena. Lakini hilo halikuwa jibu la swali lake na sote watatu tulijua, kwa kuwa sindano ilikuwa ya baba kukubali au kukataa, na mama aliuliza kitu cha kumpa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Sikuwa nacho. Sijakipata mpaka leo, na nimelifikiria swali hilo katika madarasa mengi, nikiwaandikia watoto wa watu ubaoni habari za wanga na sukari. Baba alisema atakwenda Jumatatu. Jumatatu lori lilikuwa na safari. Alisema Jumatatu nyingine, na alikuwa anamaanisha, nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mama atamwambia tajiri ukweli na liwe liwalo. Ikaja kwanza mvua, barabara ikakatika, machungwa yakawa yanaozea huko na tajiri akawa hamwachii nafasi. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka shule nachungulia mtungini kabla hata ya kuvua viatu. Maji yalikuwa yamo, mama aliyabadilisha kila siku, safi, baridi, na hakuna chupa. Na mama aliendelea kwenda sokoni kuchagua makali. Sikumkataza. Ningemkataza nimwambie afanye nini?

Kidonda kilianzia kwenye kidole cha mguu, pale kiatu kinapobana akikanyaga klachi. Hakukisikia. Mama ndiye aliyekiona, akimwoshea miguu kwenye karai, na kufikia hapo kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi. Sasa kila kitu kilichokuwa hakiwezekani kikawezekana kwa siku moja: tajiri alijua, ufunguo ukaenda kwa taniboi, baba akalazwa hospitali kubwa na sindano akadungwa na watu wengine mchana na usiku. Walikata mguu chini ya goti. Jioni moja tulifika wodini, mama akiwa na kiondo, na muuguzi akakifungua, akatoa machungwa, akasema kwa upole tu kwamba haya mgonjwa haruhusiwi. Mama akasema ni makali. Alilisema mara mbili, akamwomba aonje. Muuguzi alinitazama mimi, akaona sare ya shule, akadhani mimi nitamweleza. Nilimshika mama kiwiko tukaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, kiondo katikati yetu, na watu wakawa wanapita na maua na chupa za uji. Baba hakutoka katika wodi ile. Baadaye nilimwuliza daktari, nikiwa peke yangu, kama ni machungwa. Alisema machungwa peke yake hayangemwua, ni kukaa bila sindano. Nikamshukuru. Lakini aliacha sindano kwa ajili ya machungwa, na machungwa aliletewa kwa upendo, na sijawahi kupata namna ya kulipanga jambo hilo katika sentensi moja ambayo ningeweza kumwambia mama.

Tulimzika nyumbani, tukarudi Jericho. Wageni walipokwisha kwenda, nyumba ikawa kubwa. Mama alilala upande wake ule ule wa kitanda. Mimi nilikuwa na mitihani, nikawa nasoma kweli sasa, kwa kuwa nyuma ya pazia hakukuwa na la kusikiliza. Siku moja ya Jumamosi aliamua kufagia chini ya kitanda, akalivuta gunia. Lilikuwa na machungwa ya mwisho, yale aliyoyaonja moja moja sokoni mpaka meno yakafa ganzi, tukayasahau pale kwenye joto katika hekaheka zote za hospitali na mazishi. Mengine yalikuwa yamesinyaa ganda. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akachagua moja, akalimenya taratibu bila kulikata ganda, akatia kipande mdomoni. Nilimwona akisubiri ukali. Alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena. Akagawa lile chungwa katikati akanipa nusu, nami nikakaa sakafuni karibu naye nikala. Lilikuwa tamu kuliko machungwa yote niliyowahi kula katika nyumba ile. Nilijua kwa nini. Nilijua kila hatua yake, ningeweza kuichora ubaoni.

"Sukari imeingia," mama akasema, akalikunja lile ganda kiganjani. "Haya baba yako asingeyala."